Usilipie vifaa kumi na viwili kwa sababu kioo kimewaka

Mkuu, usitume hiyo pesa ya vifaa kumi na viwili. Umeandika kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa vifaa vyake vya gemu vya mkononi ni "Linux asilimia mia", kwamba chipu ya grafiki ni Mali-G31 yenye dreva (programu inayoiendesha chipu) ya chanzo huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, iitwayo Panfrost, kwamba kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, ni toleo la 4.9, na kwamba utaweza kuweka menyu yako ya Kiswahili kisha uviuze. Halafu ukauliza betri hudumu saa ngapi, kadi ya memori iwe ya ukubwa gani, na mfumo upi uweke. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikaona kama ninasoma barua niliyoiandika mimi mwenyewe mwaka 2018.

Mimi nilinunua kumi na vitano. Chipu yangu ilikuwa Mali-450, kerneli iliyokuja navyo ilikuwa 3.10, na bei ilikuwa shilingi 120,000 kwa kila kimoja, yaani shilingi 1,800,000 zilizotoka kwenye akiba ya kupaua nyumba, jambo ambalo mke wangu hulikumbusha kila mvua inyeshapo. Wala usidhani niliruka bila kupima maji. Nilinunua kimoja kwanza, nikakompaili, yaani nikaugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, kerneli 4.14 kwa sababu ile ya zamani haikuitambua adapta yangu ya Wi-Fi, nikaichomeka kadi, nikakiwasha. Kioo kikawaka. Pengwini, nembo ya Linux, akatokea pembeni, kisha menyu yangu ya Kiswahili ikafunguka kwa herufi safi kabisa. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta, na usiku uleule nikalipia vingine kumi na vinne.

Hapo ndipo nilipojimaliza, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko ulivyotaka. Kinachowasha kioo si kile kinachochora. Katika bodi nyingi za aina hii, saketi inayopeleka picha kwenye kioo imetengana na chipu ya grafiki, na kila moja ina dreva yake. Tena kwangu hata ile ya kioo haikuwa ikifanya kazi: programu ya kuwashia, U-Boot, ilikuwa imeshakiwasha kioo kabla kerneli haijaamka, kisha ikaikabidhi kerneli kipande cha kumbukumbu na kuiambia iandike rangi humo. Karibu kerneli yoyote huweza kufanya hivyo. Pengwini yule, kwa hiyo, hakuthibitisha lolote zaidi ya kwamba U-Boot ilikuwa nzima. Nilipofungua gemu inayohitaji OpenGL ES, lugha ya amri za kuchora picha, Mesa, maktaba huria ya kuchora kwenye Linux, ilitafuta dreva ya chipu, ikaikosa, ikaitupia prosesa kazi yote kupitia mchoraji wake wa dharura, llvmpipe. Mbio za magari zilienda kwa picha nne kwa sekunde. Ungeweza kushuka garini, ukanunua muhindi wa kuchoma, ukarudi kabla ya kona.

Nikajipa moyo kwamba nitairudisha dreva ya mtengenezaji. Nikagundua, nikiwa nimeshalipa, kwamba dreva hiyo ni vipande viwili. Kipande cha kwanza hukaa ndani ya kerneli na kweli kiko chini ya leseni ya GPL, ile inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, na hicho ndicho wauzaji huonyesha wanapoapa kwamba dreva ni huria. Kipande cha pili ni maktaba inayokaa nje ya kerneli, faili lililokwisha kukompailiwa ambalo huwezi kulisoma wala kulirekebisha, na humo ndimo ulimo ujuzi wote wa kuibadilisha amri ya OpenGL iwe amri inayoeleweka na chipu. Vipande hivyo hukaguana matoleo. Kimoja kikibadilika bila mwenzake, maktaba hugoma. Kipande cha kerneli nilichokuwa nacho kiliandikwa kwa ajili ya 3.10, na nilipokilazimisha kwenye 4.14 kilinitolea makosa ya kurasa na kurasa. Nilikesha wiki mbili nikiyarekebisha, na sitasema niliishia wapi kwa sababu bado nina heshima kidogo hapa.

Usiniambie kwamba kerneli ikiwa GPL basi kila kinachoigusa ni GPL. Faili la leseni la kerneli lenyewe lina maelezo ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kwamba programu zinazotumia huduma za kerneli kwa miito ya kawaida ya mfumo hazihesabiwi kuwa kazi zilizotokana na kerneli. Mlango huo uliachwa wazi kwa nia njema kabisa, na ndio huohuo ambao maktaba iliyofungwa hupitia, huku muuzaji akiwa amesimama nje akiimba chanzo huria.

Huyo muuzaji wangu nilimwandikia kuomba msimbo chanzo. Jibu la kwanza lilikuwa kiungo cha kerneli ya kawaida ambayo kila mtu anaweza kuipakua, kana kwamba nimeuliza njia ya kwenda sokoni nikaonyeshwa jua. Jibu la pili lilikuwa faili la zip lisilo na usanidi uliotumika, lisilo na maelezo ya bodi yanayoiambia kerneli kioo kimeunganishwa wapi, na ambalo dreva ya kioo ndani yake ilikuwa imeshakompailiwa. Kifungu cha 3 cha GPL toleo la 2 hakina utata: anayesambaza lazima atoe msimbo kamili pamoja na skripti za kukompaili na kusakinisha, au ahadi ya maandishi ya kuutoa inayodumu angalau miaka mitatu. Jibu la tatu bado nalisubiri.

Kuna pia bwana mmoja wa video za mtandaoni aliyenihakikishia, akiwa na chai yake mkononi, kwamba nisihofu kwa kuwa mradi wa Lima wa kuandika dreva huria za chipu hizo ulikuwapo tangu 2012. Ulikuwapo kweli, Luc Verhaegen aliutangaza mwaka huo kwenye mkutano wa FOSDEM mjini Brussels. Ambacho bwana huyo hakukisema ni kwamba ulisinzia miaka mingi, na kwamba Lima na Panfrost ziliingia kwenye kerneli kuu katika toleo la 5.2, Julai 2019. Mimi nilikuwa nimeviuza vifaa kumi na viwili kwa bei ya hasara mwezi Machi mwaka huohuo. Chipu ikiitwa Mali ukaikosa mali, na dreva ikiitwa Lima ukavuna mabua, ujue kuna mtu anakucheka mahali fulani.

Sasa rudi kwenye maelezo ya muuzaji wako, uyasome kwa hesabu. Kerneli 4.9 ilitoka Desemba 2016. Panfrost iliingia kwenye 5.2. Basi kifaa kinachokuja na 4.9, isipokuwa mtu amejitesa kuirekebisha Panfrost ifanye kazi kwenye kerneli hiyo ya zamani, kinachora kwa maktaba iliyofungwa. Ni kweli kwamba Panfrost inaitambua Mali-G31, na hilo ni afueni kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi, lakini dreva ya chipu haikusaidii ikiwa hakuna anayejua kioo, vitufe na usimamizi wa umeme wa bodi hiyo vimeunganishwa vipi.

Kwa hiyo usilipie cha pili mpaka cha kwanza kimewaka kwa kerneli uliyoikompaili mwenyewe kutoka kwenye msimbo uliopewa, na mchoraji anayetajwa ni dreva ya Mesa. Endesha amri ya eglinfo, au glxinfo kama unatumia mfumo wa madirisha wa X, kisha usome mstari wa "renderer", yaani mchoraji. Ukiona jina la Panfrost, endelea. Ukiona llvmpipe, uko pale nilipokuwa nikipiga kelele. Ukiona Mali peke yake na Mesa haitajwi popote, hiyo ni maktaba ya mtengenezaji, nawe umefungwa kwenye kerneli yake.

Na kwa kuwa unataka kuviuza, fahamu kwamba siku utakayomkabidhi mteja kifaa cha kwanza, msambazaji ni wewe. Mteja akidai msimbo wa kerneli, huwezi kumwelekeza kwa muuzaji wako, kwa maana ruhusa ya kupitisha ahadi ya mtu mwingine imetolewa kwa usambazaji usio wa kibiashara pekee. Maktaba iliyofungwa nayo ina leseni yake. Ile yangu ilikataza kuisambaza bila idhini, nami nilikuwa nimeshaiweka mtandaoni ndani ya mfumo wangu kwa siku tisa.

Vimebaki vitatu kabatini. Kimoja mwanangu amekigeuza saa ya mezani, kazi ambayo picha nne kwa sekunde zinaitosha vizuri. Mwombe muuzaji wako akupigie picha ya mstari huo wa "renderer" leo, uubandike hapa kama ulivyo, tuusome kabla benki haijafungwa.