Kabla hujanunua taa za LED za jukwaa, anza na nyaya

Usiku wa kwanza tulipowasha taa zetu mpya za LED, zilipepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga, kisha mbili zikazima kabisa. Bahati njema ukumbi ulikuwa mtupu, tulikuwa mimi na fundi umeme tu. Tulikuwa tumeshusha taa za halojeni tukachomeka za LED mahali palepale, kwenye saketi zilezile za dima. Hapo ndipo tulipochemka.

Dima za zamani hupunguza mwanga kwa kuukatakata umeme. Halojeni ni uzi unaowaka, haujali. LED ina vifaa vya kielektroniki vinavyotaka umeme kamili muda wote, na mwanga wake hupunguzwa kwa amri kutoka meza ya taa. Hata dima ukiiacha asilimia 100, usiiamini. Kwa hiyo kabla hujafungua katalogi, mwite fundi ahesabu saketi za kugeuzwa ziwe za umeme kamili usiopitia dima. Mkumbushe pia kwamba LED nyingi zikiwashwa kwa mpigo huvuta umeme mwingi mno mwanzoni. Breka yetu ilikuwa ikikata kila jioni, ingawa jumla ya wati ilikuwa imeshuka sana, mpaka tulipopanga makundi ya taa yawake kwa zamu.

Baada ya umeme, DMX, yaani lugha ambayo meza ya taa huitumia kuziamuru taa kupitia waya. Utaratibu huu ni wa tangu 1986, na mstari mmoja una chaneli, yaani njia za amri, 512. Halojeni kwenye dima ilikuwa inakula chaneli moja. Taa ya kuzunguka, ile yenye kichwa kinachogeuka kwa amri, inaweza kula 40. Kumi na mbili za namna hiyo ni chaneli 480, na hapo hujaweka taa nyingine yoyote. Sisi tulijibana tukatumia waya za maikrofoni, maana plagi ziliingia. Basi taa ya mwisho kwenye mstari ikawa inaangusha na kuinua kichwa yenyewe katikati ya mazoezi, kama abiria anayesinzia. Waya halisi za DMX na terminata ya omu 120, kizibo cha kufungia mstari, kwenye taa ya mwisho vilimaliza ugonjwa huo. Ukitaka kugawa mstari, tumia splita, kifaa cha kugawa amri za DMX, wala usiunganishe waya tatu pamoja.

Sasa nyuso. Hapa usikubali maneno ya muuzaji. Omba taa moja ya majaribio, mkalishe mwigizaji chini yake akiwa na vazi la onyesho, na upande wa pili weka halojeni uliyoizoea. Taa ya kwanza tuliyojaribu ilikuwa na rangi tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Ukutani ilipendeza. Ilipomwangukia mwigizaji wetu mkuu, ngozi yake nyeusi inayong'aa ikawa ya kijivu, utadhani kapakwa majivu. Tulirudisha tukatafuta zenye kaharabu na nyeupe ya ziada, na CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi, zaidi ya 90. Kisha fanya jaribio la kuzima polepole, sekunde 20 nzima. Taa dhaifu hushuka vizuri hadi karibu na mwisho, halafu inaruka vingazi na kukatika ghafla. Halojeni ikififia huwa nyekundu kama jua linalotua. LED haifanyi hivyo isipokuwa iwe imetengenezwa kuigiza. Kwa tamthilia za mazungumzo, ningelipia hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Mwongozaji wetu alitaka taa kumi na mbili za kuzunguka. Alizungumza kana kwamba zimevumbuliwa juzi, wakati bendi ya Genesis ilizibeba kwenye ziara yao ya 1981. Tulibishana, tukaafikiana nne. Kila moja ilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi, kwa hiyo tulipima kwanza uwezo wa bomba la kuzitundikia, na kila taa ikapata waya wake wa usalama. Kilichotushangaza ni feni. Kuna onyesho ambapo mama anakaa kimya kando ya kitanda cha mwanawe, dakika nzima bila neno, na juu yake tukasikia vuuu. Ziwashe zote, kaa safu ya tatu, fumba macho, usikilize. Nyingi zina hali ya utulivu ambayo hupunguza kasi ya feni na mwanga kidogo. Na utenge saa za kutosha za kuzipanga kwenye meza. Zinatakiwa kugeuka zikiwa gizani kabla ya kuwaka, la sivyo hadhira itaona mwanga ukizurura jukwaani ukimtafuta mtu.

Kama fedha ni chache, badilisha kwanza taa za pazia la nyuma na za rangi, kwa sababu huko ndiko unakochoka kupanda ngazi kubadilisha karatasi za rangi zilizoungua. Taa za mbele ziache mwisho. Sisi bado tuna fresneli nane za halojeni, taa zenye lenzi ya kulainisha mwanga, zinazowaangazia waigizaji usoni, zikiwa kwenye dima yao ya zamani, na sanduku la balbu za akiba ambalo ufunguo wake ninao mimi.