Kifaru cha mezani: spea zipi ununue, zipi uzitengeneze mwenyewe hapa Mwanza

Kabla hujatuma hela ya spea yoyote, yaani kipande cha nyongeza kinachouzwa nje ya boksi, toa modeli yako ya kifaru cha vita kwenye boksi, chukua kipimo na uangalie unene wa madigadi. Kwenye boksi nyingi za zamani utakuta plastiki ya karibu milimita 1. Sasa zidisha mara 35, maana modeli nyingi za vifaru ni za kipimo cha 1:35, yaani kifaru halisi ni kikubwa mara 35. Umepata chuma cha milimita 35. Kifaru halisi cha T-54, cha Kisovieti, kina deraya (chuma cha kinga) ya milimita 80 ubavuni, lakini madigadi yake ni bati la kawaida tu, linakunjwa na kisiki chochote. Plastiki hailiwezi bati la namna hiyo, kwa sababu ukitaka iwe nyembamba sana haijai vizuri kwenye kalibu. Hapo ndipo spea za brasi, ile shaba ya njano, zina kazi. Sehemu nyingine nyingi unalipia jina.

Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza huwa wameshaona lile fungu la spea kubwa kuliko yote: karatasi za brasi kibao, mtutu wa alumini, minyororo ya chuma, mpaka viti na redio za ndani. Vitu vizuri, sikatai. Ila ukishafunga tareti, kile kichwa kinachozunguka juu, nani ataviona hivyo viti? Kama hupangi kuacha vifuniko wazi, achana navyo.

Mimi mwenyewe napenda ukoo wa T-54, hasa Type 59 ya Kichina. Sababu iko ng'ambo ya ziwa hapo tu: JWTZ ilikuwa na Type 59 wakati wa vita vya Kagera, 1978–79, na huku Kanda ya Ziwa ni rahisi kupata mzee wa kukusimulia habari zile. Ukichagua kifaru chenye historia ya kwenu utakivumilia hata siku supagluu imekuganda vidoleni. Lakini jifunze tofauti mapema. Type 59 imetokana na T-54A, kwa hiyo juu ya tareti, upande wa kulia kwa mbele, ina kifuniko cha mviringo cha feni. T-55, ndugu yake wa baadaye, haina. Ukinunua tareti ya resini (plastiki ngumu ya kumimina) ya T-55 ukaiweka kwenye Type 59, mjuzi ataiona kutoka mlangoni. Vilevile spea nyingi zimekatwa kwa ajili ya boksi la kiwanda fulani, si kwa kifaru kwa ujumla. Soma ilivyoandikwa: ni ya Tamiya, ya Trumpeter au ya MiniArt? Tundu zikipishana kidogo tu, utashinda na msasa.

Pesa ya kwanza, kama ipo, iende kwenye minyororo. T-54 na ndugu zake hawana vile vigurudumu vidogo vya juu vya kubeba mnyororo, kwa hiyo mnyororo unalalia magurudumu makubwa na kulegea katikati yake. Ile ya mpira inayokuja na boksi inakaa imekaza kama mkanda wa cherehani, na kifaru kizima kinaonekana cha kuchezea. Minyororo ya chuma, kama ya Friulmodel ya Hungaria, inalegea yenyewe kwa uzito wake. Kazi yake ni ya subira: kila pingili unaitoboa tundu, unapitisha waya, unaikata, unahamia nyingine, na kila upande una pingili karibu tisini. Bei yake nayo inaweza kuzidi ya modeli yenyewe. Kama mfuko haujakaa sawa, nenda Kirumba ukanunue mshipi mwembamba wa kuvulia. Toboa mnyororo wa mpira kwa sindano pale unapopita juu ya magurudumu, pitisha mshipi, uvute chini na ufunge kwa ndani, nyuma ya magurudumu, ambako hakuna jicho linalofika.

Mtutu wa alumini, kwa maoni yangu, unasifiwa kupita kiasi. Una maana pale plastiki inapokuja vipande viwili vya kuunganisha, kwa sababu ukisugua ule mshono mtutu unakuwa bapa. Boksi nyingi za siku hizi zina mtutu wa kipande kimoja wenye tundu tayari. Pima tundu: mzinga wa milimita 100 ukiugawa kwa 35 ni kama 2.9. Ikiwa karibu na hapo, hela yako ibaki mfukoni.

Kwa bunduki ya juu, ile ya milimita 12.7, nenda duka la dawa ukanunue sindano mpya ya namba 23, yenye kitako cha bluu. Tundu lake ni kama milimita 0.34, sawa na milimita 12 kwa kipimo chetu. Kata ncha kwa tupa ukiwa umeishika kwenye kitako chake, usije ukajichoma. Kamba ya waya ya kuvutia kifaru ipo kwa mafundi wa kurewaindi mota. Wana mabaki ya waya wa shaba nyekundu wa kila unene. Yule ninayemwendea mimi ananiuliza kila mara, "Kaka, hivi hivyo vifaru unaviuza kwa nani?" na hataki hela, anataka jibu. Sokota nyuzi kadhaa kwa drili ndogo na umemaliza.

Madigadi yenyewe nayo hayahitaji kuagizwa. Kopo la soda lina bati la karibu milimita 0.1, yaani milimita tatu na nusu kwenye kifaru halisi. Lisugue rangi kwa msasa, likate kwa wembe na rula ya chuma, kisha likunje pembeni kidogo kama limegonga mti.

Brasi ya kununua, kabla ya kuikunja, ipitishe juu ya moto mdogo wa jiko la gesi mpaka ibadilike rangi, uiache ipoe. Inalainika, haikatiki kwenye mkunjo. Gundi ya plastiki haishiki brasi wala resini. Tumia supagluu kidogo mno, au kwa kiungo kirefu mpelekee fundi simu akuchomee kwa risasi. Resini isugue ikiwa na maji na uvae barakoa. Vumbi lake si la kuvuta.

Gundi na rangi usiagize kwa ndege, mawakala wengi wanazikataa kwa sababu zinawaka. Rangi za magari za hapa mjini zinafaa, ila thina yake inakula plastiki: puliza nyepesi, iache ikauke, rudia. Na uwe umemaliza kabla ya magharibi. Wale vijidudu wa ziwani wakishaona taa wanaingia kwa wingu, na rangi mbichi kwao ni kitanda.

Vumbi la mwisho lisiwe la kutoka nje ya nyumba yako hapa Mwanza. Mchanga wetu ni wa majabali, wa kijivu na wenye chenga. Kifaru cha Kagera kinataka udongo mwekundu, na anayetoka Bukoba hakosi nafasi ya kukubebea kimfuko. Ukaushe, uusage, uuchuje kwa soksi ya nailoni mara mbili, kisha uupake kwa brashi laini, zaidi kwenye minyororo na chini ya madigadi. Ukishaupaka usipulizie vanishi juu yake, maana rangi ya udongo itazama yote.