Bakewell wa Dishley: kabla hujamrudisha dume kwa binti zake, soma hapa

Mkuu mleta uzi, umeuliza hivi: una kondoo majike ishirini na dume mmoja mzuri sana, umesikia kuna Mwingereza wa zamani aitwaye Bakewell aliyepandisha madume kwa binti zao mpaka akatajirika, na wewe unataka ubaki na dume wako huyohuyo. Waliotangulia wamekujibu "fanya" na "usithubutu" bila kueleza. Mimi nimeshafanya, nikaumia, na kaburi la huyo mzee nimelifikia kwa baiskeli. Nivumilieni nikirefusha.

Nilisoma mwaka mmoja Loughborough, katikati ya Uingereza. Ukitoka mjini kuelekea kijiji cha Hathern, kando ya barabara kuu ya A6, kuna gofu la kanisa dogo lisilo na paa. Humo ndimo alimozikwa Robert Bakewell. Jirani ndipo lilipo shamba la Dishley Grange, alikozaliwa mwaka 1725 na kufia mwaka 1795. Wengi humu wanamdhania lodi. Hapana, alikuwa mpangaji, kama baba yake aliyemtangulia, kwenye ekari 440 hivi. Hakuoa. Alichimba mifereji akamwagilia malisho ili avune majani mengi kuliko majirani, na mifereji hiyohiyo ikambebea turnipu za mifugo.

Kondoo wa enzi zile walifugwa kwa ajili ya sufu kwanza. Nyama ilikuja baadaye, mnyama akishakomaa, na ilikuja na mifupa mikubwa na miguu mirefu. Bakewell yeye alimtazama kondoo kwa jicho la mwenye bucha. Miji ilikuwa inajaa wafanyakazi wanaotaka nyama ya bei nafuu, tena yenye shahamu. Akataka mnyama mwenye mfupa mwembamba, kichwa kidogo, mwili kama pipa, anayefikia kisu akiwa na miaka miwili badala ya mitatu au minne. Nyumbani kwake aliweka mifupa ya wanyama wake waliopita, na vipande vya nyama ndani ya maji ya chumvi, ili amlinganishe mjukuu na babu: mfupa umepungua kiasi gani, mafuta yameongezeka kiasi gani. Wageni walifunga safari kwenda kuyaona hayo, Waingereza na hata Wafaransa, na wote walikula na kulala kwake. Mwaka 1776 alitangazwa mufilisi. Hapo ndipo ninapompendea, maana mfugaji asiyewahi kufilisika kidogo huwa simwamini sana.

Sasa hilo la damu. Ni kweli, alipandisha baba kwa binti na kaka kwa dada, na watu wa wakati wake walishtuka, kwa sababu waliamini kizazi cha hivyo kitadhoofu. Wengi mnaishia hapo. Mnaiacha nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe: madume wake alikuwa akiwakodisha.

Alianza mwaka 1760, akipata kiasi cha gini moja hivi kwa dume. Gini ilikuwa shilingi 21 za huko, fedha ambayo kibarua wa shamba hakuipata kwa wiki. Mwaka 1789 ukodishaji wa msimu mmoja ulimpa kama gini 3,000, na dume mmoja maarufu aliyeitwa Two Pounder aliwahi kufika gini 800 kwa msimu. Tangu mwaka 1783 walikuwapo na chama cha wakodishaji, wakiwa na masharti ya pamoja kuhusu bei. Watu huona fedha tu hapo. Lakini fikiria kilichokuwa kinatokea: dume huyu yuko kwa mkulima wa udongo mfinyanzi, yule yuko kwenye mchanga, wa tatu kapewa majike wembamba wa mtu mwingine kabisa. Wana wanazaliwa, Bakewell anaangalia wa nani wamenona. Msimu ukiisha dume anarudi Dishley, kwa sababu hakuuzwa. Yule ambaye watoto wake wamefanya vizuri kila alikopelekwa, huyo ndiye anayepandishwa nyumbani, hata kwa ndugu zake. Alikuwa anampima dume kwa watoto wake, kwenye mashamba ya watu, kwa majani ya watu, na analipwa juu.

Na asiyefaa hakubaki. Tena waandishi wa wakati ule walieleza kwamba kondoo aliotaka waende buchani tu, wasije wakazalishwa na mtu mwingine, aliwalisha kwenye majani aliyoyafurisha maji makusudi ili wapate minyoo ya ini. Kondoo wa hivyo hunenepa kwa muda mfupi kisha huanguka, kwa hiyo bucha hakupata hasara. Kwamba minyoo hiyo hupitia kwa konokono lilikuja kujulikana karibu miaka mia moja baadaye, yeye alijua tu kwamba maji yaliyotuama huleta ugonjwa. Unyama, mtaniambia. Ndiyo. Ila mjue roho aliyokuwa nayo mtu mnayetaka kumwiga.

Mimi sikuwa na roho hiyo. Nilirudi nyumbani kichwa kimejaa Dishley, nikaanza pale Ngaramtoni, Arusha, na majike 14 wa Kimaasai, wale wekundu, na dume chotara wa Dorper, kondoo wa nyama wa asili ya Afrika Kusini. Wana wa kwanza walikuwa raha kuwatazama, mapaja yamejaa. Nikasema huyu haondoki. Nikamwacha kwa binti zake. Mwaka wa tatu walizaliwa wawili wenye taya fupi la chini, hawawezi kukata majani; majike watatu hawakushika mimba; na baada ya masika wanakondoo wakaanza kuvimba chini ya taya kwa minyoo ya tumbo. Niwauze nani? Kila mmoja alikuwa na jina, watoto wangu wamewapa.

Shida yangu kubwa haikuwa hasara. Nilishindwa kujua kosa liko wapi. Ni ile damu moja? Au nimepunguza damu ya kondoo mwekundu wa Kimaasai, ambaye kwa kustahimili minyoo ya tumbo anamshinda Dorper, na utafiti umelithibitisha hilo? Au ni mvua tu? Dume mmoja, boma moja, majani yaleyale: hakuna cha kulinganisha. Bakewell angekuwa na jibu kabla ya msimu wa pili kuisha.

Tena hata yeye alilipa. Kondoo wake walipata mafuta mengi mno, wakapunguza kuzaa mapacha, na ladha ya walaji ilipogeuka, wakaachwa. Leo Leicester wa sufu ndefu, mzao wao, anahesabiwa Uingereza miongoni mwa mifugo adimu. Damu yenyewe ilisambaa mbali lakini: ndugu wa ukoo wa Culley, ambao mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake, waliipeleka kaskazini ikamtoa Border Leicester, na Wafaransa waliichanganya na ya Merino, kondoo wa sufu, wakampata Ile de France.

Kwa hiyo mkuu, dume wako usimuuze, ila mtoe nje. Sisi sasa tuko wafugaji wanne, kila mmoja na dume wake, tunawazungusha kila msimu. Kila mwanakondoo ana hereni yenye namba, anapimwa kwa mizani ya kuning'iniza siku ya kuachishwa ziwa, na daftari ni moja kwa wote wanne. Wenye taya mbaya wanachinjwa, hata kama wana majina.

Halafu usafiri, usiudharau. Bakewell aliwasafirisha madume wake kwa mikokoteni ya magurudumu mawili yenye springi, maili 20 au 30 kwa siku, taratibu. Mimi mara ya kwanza nilimfunga wangu nyuma ya bodaboda, kilomita 12 za mashimo. Akakaa siku tisa kwa jirani hataki hata kumnusa jike, na jirani akadai sehemu ya fedha yake irudi. Safari hii tunachanga tukodi Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo.