Jibu: Kabureta sahihi ya Ford Model A ya 1930

Mkuu, umeuliza urudishie gari kabureta gani (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) baada ya kukuta imefungwa ya kisasa. Kwa 1930, weka Zenith, ile inayovuta hewa kutoka chini kwenda juu. Tillotson ilitumika pia, lakini kwa magari ya 1931. Jihadhari na Zenith ya Model B ya 1932: inafanana sana na yako ila koo lake (njia nyembamba ya hewa ndani) ni pana zaidi, na wauzaji wengi huzichanganya, wengine makusudi. Pima koo kabla ya kulipa.

Ukiipata, tikisa kwa vidole shafti ya throto (kile kijiti kinachozungusha mlango wa hewa). Ikicheza, hewa itaingia pembeni na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitatulia hata ubadilishe jeti zote (vitundu vya kupitishia petroli), kwa hiyo weka bushi mpya (pete zinazoshika shafti) kwanza. Petroli kwenye gari hili hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi. Ukiongeza pampu, presha italishinda boya linalofunga petroli na kabureta itamwaga.

Skrubu ya mchanganyiko: injini ikiwa baridi fungua mzunguko mmoja, ikipata moto rudisha hadi robo. Usiikaze kwa nguvu, utaharibu kiti chake.