Flash wawili, dunia mbili

SWALI: Mhariri, katika katuni za mitumba nilizonunua Makoroboi, Flash mmoja huvaa kofia ya chuma, mwingine barakoa. Yupi wa kweli? – Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, wote. Flash ni shujaa wa katuni mwenye kasi ya ajabu. Jay Garrick mwenye kofia alianza mwaka 1940, Barry Allen akafuata mwaka 1956, naye alimjua Jay kama mhusika wa katuni alizosoma utotoni. Mwaka 1961 walikutanishwa: dunia zao, tunaelezwa, zimekaa mahali pamoja bila kuonana kwa kuwa kila moja hutetema kwa kasi yake, hivyo Barry, akiwaonyesha watoto kiinimacho cha kamba, alitikisa mwili mno akajikuta upande wa pili. Kisayansi ni maelezo mepesi, lakini yalihalalisha hadithi zote za zamani. Dunia zilipozidi kuwachanganya wasomaji, DC, kampuni ya Marekani inayochapisha katuni hizo, ilianza kuziunganisha mwaka 1985, baadaye ikazirudisha.