Kabla hujalipa: gari la familia lisilochemsha njiani

Maswali mliyonitumia safari hii karibu yote ni ya watu wanaotafuta gari la juu, la familia, la mkono wa pili, na wengi wenu mnaogopa jambo moja: gari kuchemsha njiani na watoto ndani. Mna haki ya kuogopa. Nimefupisha maswali, na nitaanza na lile lenye mengi.

Shikamoo fundi. Niko Arua, nyumbani tuko sita. Nataka gari la kutupeleka Kampala na kuturudisha bila kusimama kando ya njia. Wengine wananiambia Prado, wengine Vanguard, shemeji yangu anasisitiza X-Trail. Nichukue lipi?

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na njia yenyewe, kwa sababu ndiyo itakayolijaribu gari. Kwenda si taabu sana: unashuka Nebbi, unavuka Nile pale Pakwach, unashika Karuma hadi Kampala, kama kilomita 500. Kazi iko kurudi. Unafika Pakwach mchana, bondeni, joto limekolea. Gari limejaa watu na mizigo, kiyoyozi kinafanya kazi, na ukishavuka daraja unaanza kupanda kuelekea Nebbi. Injini inadaiwa nguvu nyingi wakati hewa inayoipooza rejeta ni ya moto. Gari lenye rejeta iliyoziba nusu linaweza kuzunguka Arua mjini mwaka mzima bila kukuonyesha lolote, halafu likakuumbua kwenye mlima ule ule. Basi unapochagua, fikiria mlima ule, usifikirie jinsi gari litakavyopendeza mbele ya nyumba.

Kwa watu sita, mimi ningetafuta Prado ya safu tatu za viti yenye injini ya petroli ya lita 2.7. Haina mbio, mafuta inakunywa, na kwenye mwinuko utapitwa na wengi. Lakini haina turbo, haina mfumo wa dizeli wa shinikizo kubwa, inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na spea zake unazipata bila kuzunguka mji mzima. Jambo moja tu ulikague kwa makini: feni yake haizungushwi na mota ya umeme. Inazungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Mafuta hayo yakivuja, feni inazunguka kivivu na haivuti hewa. Endesha gari hadi injini ipate moto sawasawa, zima, hakikisha imesimama kabisa, kisha sukuma pangaboi kwa kidole. Likikwama kwama na kusimama mara moja, klachi ni nzima. Likizunguka lenyewe kwa wepesi, klachi imechoka, na bei ishuke kwa gharama ya mpya.

Vanguard ni gari zuri la watu watano. Ile safu ya tatu ni ya watoto wadogo na safari fupi. Zile za 2.4 zina ugonjwa unaojulikana wa kula oili, kwa hiyo vuta kijiti cha oili kabla ya majaribio na baada ya majaribio, na umuulize mwenye gari huwa anaongeza oili kila baada ya muda gani. X-Trail nimeijibu hapa chini, mpelekee shemeji asome.

Na kama huendi vijijini kwenye njia mbovu, lami tu kutoka mlango hadi mlango, fikiria pia Toyota Noah. Najua si gari la juu. Lakini watu sita wanakaa humo kwa raha kuliko kwenye Vanguard, na mahitaji ya familia yako ndiyo yanayonunua gari, si maneno ya majirani.

Nimejaribu X-Trail ya 2010 hapa Kampala. Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulipokaa kwenye msongamano wa Jinja Road kama nusu saa, ikawa nzito, nakanyaga mafuta haivuti. Muuzaji anasema ni oili ya gia tu. Ni kweli?

Dada, asante kwa kulijaribu gari ndani ya msongamano. Wengi hujaribu Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu.

Gia ya gari hilo haina meno ya kubadilisha kama otomatiki ya zamani. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, kile watu wanachokiita CVT. Mkanda na puli hupozwa na oili yake maalum, NS-2 kwa toleo hilo, na oili ikipata joto kupita kiasi kompyuta ya gari hupunguza nguvu makusudi ili gia isiungue. Ndicho ulichokiona. Inawezekana oili ni ya zamani, au gari liliwekewa oili ya otomatiki ya kawaida, jambo ambalo ni sumu kwa gia hiyo. Inawezekana pia mkanda na puli vimeshalika. Wewe huwezi kujua kwa macho, na muuzaji pia hawezi.

Mwambie abadilishe oili kwa gharama yake, mbele yako, na sampani, yaani bakuli la oili chini ya gia, ifunguliwe. Sumaku zilizo ndani zikiwa na unga mweusi mwembamba, hilo ni la kawaida. Zikiwa na vipande vinavyomeremeta, achana nalo. Baada ya hapo rudieni msongamano ule ule, saa ile ile. Akikataa, tafuta gari jingine, yapo mengi.

Niko Gulu. Gari langu lilikuwa linachemsha, fundi akatoa thamostati akasema nchi za joto hazihitaji kitu hicho. Sasa nataka kununua gari jingine na muuzaji anajivunia kwamba "thamostati imeshatolewa." Ni sifa kweli?

Hapana. Ni onyo, na naomba mnisikilize kwa hili kwa sababu limeua injini nyingi nzuri.

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Ikifika nyuzi 80 na kitu, mlango unafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta. Ukiutoa, kwanza injini inachelewa kupata joto. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na injini inalika polepole. Gharama hiyo huioni kwenye geji, unaiona kwenye mfuko.

La pili ndilo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kwenye injini nyingi, Toyota zikiwemo, thamostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya rejeta, upande wake wa pili unaziba njia fupi inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kuiona rejeta kabisa. Kwa hiyo siku ya mzigo na mlima, gari lisilo na thamostati linaweza kuchemsha zaidi kuliko lenye nayo.

Jiulize: kwa nini ilitolewa? Kwa sababu gari lilichemsha na hakuna aliyetafuta chanzo. Rejeta imeziba, pampu ya maji imechoka, feni haizunguki, au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imepasuka. Chanzo bado kimo humo, na wewe ndiye utakayekinunua.

Jambo lingine linaloambatana na hili ni maji ya bomba ndani ya rejeta. Uko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na Kampala ni kama 1,200. Kwenye mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Kulanti, yaani dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, chini ya kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo vizuri, inavuka nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Pia inazuia kutu, na kutu ndiyo inayoziba rejeta. Kifuniko chenyewe ni kitu cha bei ndogo. Mpira wake ukiwa umekauka, kibadilishe hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Ni kweli Forester zote huchemsha?

Si zote. Zile za zamani zenye injini ya EJ, hasa ya 2.5, zinajulikana kwa kuvuja gasketi za hedi. Kuanzia mwishoni mwa 2010 Forester zilianza kupata injini mpya ya FB, yenye cheni, na tatizo hilo likapungua sana. Ukipenda Forester, tafuta hiyo.

Mimi ni mama wa mtoto mchanga, niko Moroto. Nitajuaje kiyoyozi cha gari ni kizima na si cha kupakwa rangi siku ya kuuza?

Mama, hongera. Jaribu mchana, gari likiwa limesimama juani, usijaribu jioni. Washa, weka baridi ya mwisho, hewa izunguke ndani, subiri dakika 10, kisha weka kipimajoto kidogo kwenye tundu la katikati. Gari zima likitembea litakupa chini ya nyuzi 10 au hapo hapo. Likisimama itapanda kidogo. Baridi ikija na kupotea ukiwa umesimama, angalia kama feni ya mbele ya rejeta inawaka. Mara nyingi ni hiyo, na mara nyingi ni ile ile itakayokuchemshia injini.

Gari la safu tatu lina matundu ya nyuma pia. Keti nyuma mwenyewe uyapime. Fungua droo la mbele ya abiria, nyuma yake kuna chujio la hewa. Likiwa jeusi kwa vumbi, badilisha, mtoto asipumue hayo. Na gesi ijazwe kwa uzito ulioandikwa kwenye stika iliyo chini ya boneti, si kwa kukisia.

Nitaingia bondi za Nakawa, zile yadi za magari yaliyoagizwa nje, wiki ijayo. Niangalie nini kwanza?

Piga simu mapema uwaambie wasiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na moto, kuna walichotaka usikisikie wakati wa kuliamsha. Rudi siku nyingine.

Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, na kumbuka hakifunguliwi kamwe injini ikiwa moto. Maji yawe na rangi safi, kwa mfano nyekundu, kijani au pinki. Yakiwa ya kahawia kama kutu, au yana utando wa mafuta, funga uondoke. Fungua kifuniko cha oili, geuza uangalie chini yake: ukikuta povu jeupe zito kama chai ya maziwa, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye oili. Sasa washa, mdomo wa rejeta ukiwa wazi, simama pembeni ukitazama. Vipovu vichache mwanzoni si neno. Vikiendelea kupanda bila kukoma huku injini ikiunguruma, hewa ya silinda inapenya gasketi. Funga kifuniko kabla maji hayajapata moto.

Baada ya hapo acha gari liungurume likiwa limesimama; kama feni ni ya umeme, subiri hadi uisikie ikiwaka na kuzima mara mbili, kisha washa kiyoyozi. Wauzaji huchoka kusubiri. Wewe usichoke. Geji ya joto ikifika katikati ibaki hapo hapo.

Kwa gari lililotoka Japani, omba karatasi ya mnada. Herufi R au RA kwenye alama ya ubora wa gari ina maana lilipata ajali likatengenezwa. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye chuma, na linganisha kilomita za siku ya mnada na za kwenye dashibodi. Kilomita zikiwa zimepungua baharini, huhitaji maelezo.

Dizeli au petroli? Niko Kasese, nabeba familia na wakati mwingine mazao.

Kwa mazao na milima, dizeli ina nguvu unayoitaka. Lakini dizeli ya 3.0 ya Prado, ile ya D-4D, ina sindano za kupulizia mafuta za bei kubwa, na pete za shaba zinazoziba chini ya sindano zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la kunyonya oili chini ya injini. Injini hufa kwa kukosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Kabla ya kununua, fungulisha sampani, fundi atazame chujio hilo. Kama huwezi kumpata fundi wa dizeli unayemwamini karibu na Kasese, chukua petroli.

Matairi ya gari nililopenda yana kashata (meno ya tairi) nzito, kama mapya. Niyabadilishe ya nini?

Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi linazeeka hata lisipotembea, na joto la lami likiongezwa na mzigo na upepo mdogo, linapasuka likiwa na kashata zake zote. Likipita miaka sita, lichunguze nyufa kila mara. Likipita kumi, litoe. Pima upepo asubuhi kabla hujatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na usipunguze upepo njiani eti kwa sababu tairi limepata moto.

Naweza kuagiza Prado ya 2005? Nimeona moja nzuri sana kwenye mnada.

Huwezi. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza Uganda gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Hata yale yaliyo chini ya hapo hutozwa ushuru wa mazingira yakishazeeka, kwa hiyo piga hesabu ya kodi kabla hujatuma hata shilingi. Prado ya 2005 tafuta iliyo tayari humu nchini, yenye namba za Uganda, na uikague kama nilivyomwambia mwenzako wa Nakawa.