Kocha Msaidizi Aliyekusajili Akiondoka Chuoni

Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayepata nafasi ya kucheza kikapu chuo kikuu Marekani huenda akawa ameongea na kocha mkuu mara mbili tatu tu. Anayepiga simu kila wiki, anayemfahamu mama mtu na aliyeangalia video zote ni kocha msaidizi. Bahati mbaya, katika benchi zima la ufundi hakuna aliye rahisi kuondoka kama huyo.

Wasaidizi wengi wana mikataba mifupi, na riziki yao inategemea kocha mkuu. Yeye akitimuliwa, mrithi wake huja na watu wake. Timu ikifanya vizuri, msaidizi huitwa kwingine akawe mkuu. Tommy Lloyd alikuwa msaidizi wa kocha mkuu Mark Few pale Chuo Kikuu cha Gonzaga kwa takriban miaka 20, na ndiye aliyesifika kwa kuwasaka wachezaji wa ng'ambo. Aprili 2021 Chuo Kikuu cha Arizona kikamchukua awe kocha mkuu, na Oumar Ballo, senta kutoka Mali, akamfuata mwaka huohuo. Usitegemee kwamba nawe utaitwa hivyo: huko anakokwenda kocha wako, nafasi yako inaweza kuwa na mwenyewe tayari.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla hujamwaga wino. Omba kuongea na kocha mkuu kwa video, msaidizi akiwa hayupo, umuulize utacheza nafasi gani na unapungukiwa nini. Akijibu kwa jumlajumla, bado hakujui. Uliza pia ni nani mwingine kwenye benchi amekutazama. Tangu Julai 2023 timu za Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, zinaruhusiwa wasaidizi 5 badala ya 3, kwa hiyo kukosa hata mmoja wa pili anayekujua ni dalili mbaya.

Ahadi zote ziwe kwenye maandishi: ufadhili ni wa miaka mingapi (chuo kinaruhusiwa kutoa wa zaidi ya mwaka mmoja), masomo ya kiangazi yamo au hayamo, matibabu ya majeraha analipa nani. Mkataba unafunga wewe na chuo. Nauli ya likizo aliyokuahidi kocha kwa simu inaondoka naye.

Ukishafika, jenga uhusiano na wasaidizi wote, hasa yule asiyeshughulika na nafasi yako. Andika daftari la mazoezi, na uombe nakala za video zako mapema. Msaidizi mpya huja na lugha yake. Kumsukumia mwenye mpira kwenye mstari wa nyuma skrini (mshambuliaji kusimama kumzuia mlinzi) inapowekwa pembeni, benchi moja huita “ice”, jingine “blue”, jingine “down”. Mchezaji anayetafsiri kichwani huchelewa nusu sekunde, na kocha mgeni anaona mtu mzito asiyeelewa ulinzi. Wiki ya kwanza mwombe orodha ya maneno yake, uyaandike sambamba na yale ya zamani. Hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza dakika zao za kucheza, na inauma kwa sababu tiba yake ni ukurasa mmoja wa daftari.

Je, uhame? Kocha mkuu akiondoka, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, huwafungulia wachezaji wake dirisha la uhamisho. Msaidizi akiondoka, hakuna dirisha jipya. Utasubiri la kawaida baada ya msimu, nalo limekuwa likifupishwa: siku 60 mwaka 2023, 45 mwaka 2024, 30 mwaka 2025. Ukiomba jina lako liingizwe kwenye orodha ya wanaotaka kuhama, ofisi ya chuo inayosimamia kanuni ina siku 2 za kazi kufanya hivyo, na kuanzia hapo chuo kinaweza kukata ufadhili wako mwishoni mwa muhula. Kaa na kocha mkuu kwanza, uulize waziwazi kama bado yupo nawe.

Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, ana mzigo wa ziada. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni lazima ihamishe rekodi yako ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), na chuo kipya kikupe I-20 mpya, yaani fomu ya chuo inayoambatana na viza hiyo. Kama unakwenda nyumbani kiangazi hicho, usipande ndege ya kurudi Marekani ukiwa na I-20 ya chuo ulichokihama.